Hedifoni za Bei Mbaya: Ipi Ununue Kama Ikwalaiza Unaijua

Ikwalaiza ni kifaa au programu ya kupandisha na kushusha sehemu za sauti: besi ikipungua utaiongeza, ukali ukizidi utaukata, na programu kama Equalizer APO ya Windows ni ya bure kabisa. Ndiyo maana hapa nimeangalia zaidi yale ambayo ikwalaiza haiwezi kuyagusa: uzito kichwani, mito inavyokaa masikioni, na besi inavyobaki safi ukiipandisha.

Ya kwanza kwangu ni Sennheiser HD 800 S. Ina gramu 330 tu na mito yake inalimeza sikio zima bila kulibana. HD 800 ya awali ilikuwa na kilima kikali, yaani sauti iliyozidi, karibu na 6,000 Hz (Hz ni kipimo cha sauti: ndogo ni nzito, kubwa ni nyembamba). Hii ya mwaka 2016 imekipunguza, ila hakijaisha. Weka taarabu yenye mwimbaji wa kike usikilize kila "s" na "sh": zinachoma kidogo, huku fidla zikikwaruza. Kata desibeli 2 au 3 hapo, halafu ongeza kama 5 chini ya 100 Hz, maana besi ya chini inaanguka mapema. Ukiongeza 5, shusha sauti ya jumla ya programu kwa 5 pia, la sivyo muziki utapasuka kwenye vishindo.

Ya pili ni Dan Clark Audio Stealth, hasa kwa anayeishi na watu, kwani imefungwa nyuma na hailii nje. Kwenye grafu ya vipimo vya sauti inaufuata kwa karibu mstari wa Harman, ule ambao mtafiti Sean Olive na wenzake wa kampuni ya Harman waliutengeneza kwa kuwasikilizisha watu na kuwauliza wanapenda nini. Kwa hiyo ikwalaiza utaigusa kidogo sana. Tatizo ni bei, dola 4,000 ilipotoka mwaka 2021, tena inataka amplifaya yenye nguvu. Kwa simu tupu usihangaike.

Audeze LCD-X naiweka ya tatu, na ni shingo yangu iliyoamua. Besi yake inashuka chini kabisa bila kutetereka na unaweza kuisukuma utakavyo. Sauti za waimbaji hurudi nyuma kiasi, lakini hilo linarekebishika. Gramu 612 hazirekebishiki.

Kabla hujatoa hela, tafuta Sennheiser HD 600, iliyo sokoni tangu 1997, uilinganishe na hiyo unayoitamani, zote zikiwa zimeshafanyiwa ikwalaiza. Hakikisha zote zinalia kwa kiwango kimoja kwanza, kwa sababu inayolia juu zaidi itakudanganya kuwa ndiyo bora. Na grafu ikipita 8,000 Hz usiifuate kama msahafu: huko umbo la sikio lako linabadilisha mengi, kwa hiyo rekebisha kidogo kidogo kwa kusikiliza.