Kioo cha taa ya Pijo ya baba: kimoja kweli, kimoja rangi

Nimejizuia kuandika haya kwa wiki kadhaa nikijiambia yaishe. Hayajaisha. Usiku mmoja mvua ilipokatika nilitoka na tochi kuliangalia gari, nikakuta bampa la nyuma upande wa kushoto lina michirizi myekundu mpaka chini kwenye simenti. Nilidhani kuna mnyama ameumia pale. Nilipogusa, kumbe rangi. Taa yangu ya nyuma ilikuwa inachuja kama kanga mpya.

Gari ni Pijo (Peugeot) 404 ya saluni, ile yenye buti nyuma, ya marehemu baba. Habari za injini na nguvu zake siandiki, zipo kila mahali. Ninachokijua mimi ni baba akiegemea pezi la nyuma jioni, anatusimulia jinsi Bert Shankland wa hapa kwetu Tanzania na mwenzake Chris Rothwell walivyoshinda mbio za magari za East African Safari mwaka 1966, wakarudia 1967, kwa 404 kama hiyo. Mwaka 1968 wakaja Nowicki na Cliff wa Kenya, nao kwa 404 hiyohiyo. Akifika kwenye ushindi wa pili wa Shankland alikuwa analipiga gari kofi dogo, kama mtu anavyompiga ng'ombe wake mgongoni. Tangu afariki, gari lilikaa juu ya matofali Tabata, hapa Dar, chini ya mwembe, kuku wakataga kwenye kiti cha nyuma. Wadogo zangu wakataka liuzwe chuma chakavu. Nikakataa. Nikasema nitalifufua mwenyewe, na pesa itoke mfukoni mwangu.

Nililiona jambo kubwa, lakini sehemu kubwa yake haikuwa ngumu. Bodi ilinyooshwa. Waya zilipitishwa upya. Bushi tulichongesha kwa fundi wa lezi, raba za milango tukakata wenyewe. Mafundi wa Dar hawashindwi na chuma. Plastiki ndiyo iliyotushinda. Kioo cha taa ya nyuma (tunakiita kioo ingawa ni plastiki) huwezi kukichonga kwa tupa, maana kwa ndani kina vijumba vidogo vidogo vinavyotawanya mwanga, na rangi imechanganywa humohumo kwenye plastiki. Cha kulia kilikuwa kimepasuka, cha kushoto hakikuwepo kabisa. Na 404 za stesheni wagoni na pikapu taa zake ni nyingine, kwa hiyo kila aliyeniambia "Pijo? Zipo!" alinitolea za pikapu. Nilizungushwa Shaurimoyo, nikazungushwa Kariakoo, kila winga (dalali wa mtaani) ananishika mkono, kila duka limejaa taa za IST na Noah mpaka darini, nyingine zimechorwa namba za magari ya watu. Za saluni, hakuna.

Ndipo winga mmoja akatupeleka duka fulani Gerezani. Sitalitaja jina. Nilikuwa na fundi wangu wa umeme, kijana anayelingana na mwanangu wa kwanza. Nimesimama mbele ya kaunta, pochi iko mkononi mwangu, muuzaji ananipita kwa macho anamwambia fundi:

"Vipi fundi, bosi wako anataka nini?"

Nikamjibu mimi. Nikamwambia nataka vioo vya taa za nyuma, 404 saluni, kulia na kushoto. Hakunitazama. Akamwambia fundi tena:

"Mwambie mama hilo gari si la kuwekewa taa. Ni la kupima kilo."

Waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Fundi wangu akainama, akawa anaangalia viatu vyake.

Neno lile lilinichoma kwa sababu nililisikia kwanza nyumbani, kwa ndugu zangu wa damu. Kupima kilo. Mtu asiyenijua, asiyejua gari ni la nani, analitamka kama anavyosema habari za asubuhi. Ningekuwa na akili timamu siku ile ningeondoka. Sikuondoka, maana papo hapo aliinama chini ya kaunta akatoa vitu viwili vimefungwa kwenye gazeti, na alipofungua cha kwanza moyo ulinipasuka kwa furaha. Kilikuwa chenyewe. Umbo lilelile, maandishi ya kiwanda yamechomoza kwenye plastiki, na herufi D pembeni.

"Orijino ya Ufaransa hiyo," akasema. "D ni ya dereva. Hii nyingine haina maandishi kwa sababu ni ya upande wa abiria."

Nikaamini. Watu wananiuliza niliaminije, na jibu ni kwamba nilitaka sana kuamini, baada ya miezi ya kuzunguka. Elfu tisini kila kimoja, hakupunguza hata mia. Risiti akasema spea za mtumba hazina risiti, akaniandikia kikaratasi: mali ikishauzwa hairudishwi.

Cha kulia nitakisifia mpaka kesho. Fundi alikiweka, kikakaa mahali pake kwa sauti ndogo ya "tk", skrubu mbili zikaingia bila kulazimishwa, akawasha. Ule wekundu! Mzito, umetulia, unajaa kioo chote. Nilikaa chini kwenye tofali nikalia. Sioni aibu kusema. Nilikuwa sijaiona taa ile ikiwaka tangu nilipokuwa nasubiri baba arudi kazini.

Cha kushoto kiligoma. Matundu ya skrubu yalikuwa yametanuliwa, kingo zimepigwa msasa upande mmoja. Fundi akasema, "Mama, hiki kimelazimishwa," nikamwambia aweke silikoni, tutaona. Tukaona. Jua la wiki tatu lilikitoa kwenye nyekundu likakipeleka kwenye waridi, kisha kikawa kama juisi ya tikiti iliyotiwa maji. Siku moja nipo Barabara ya Mandela, foleni ya Buguruni, dereva wa bajaji akanisogelea dirishani: "Mama, nimekupigia honi mpaka nimechoka. Ukikanyaga breki taa ya kushoto inawaka nyeupe, nadhani unarudi rivasi!" Mikono ilinitetemeka. Hayo si mambo ya urembo. Nyekundu nyuma ya gari inamwambia mwenzako simama, nyeupe inamwambia nakuja kinyumenyume. Mtu alipuliza rangi kwenye kipande cha plastiki, akaniuzia kama breki.

Nikarudi dukani. Yule kijana wa kaunta akakigeuza kioo mara moja, akakiweka kaunta.

"Fundi, mweleze mama. Ulikiona kwa macho yako, ukakinunua. Garantii hakuna."

Mweleze mama, mwambie mama! Nilimwambia kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia mbele za watu: "Mimi ndiye niliyetoa pesa. Zungumza na mimi." Benchi likanyamaza.

Nadhani ni sauti ile iliyomtoa mzee mmoja kutoka stoo ya nyuma, miwani imefungwa kwa uzi. Nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba mwanangu, nini tena?" Akachukua kioo, akaenda nacho mlangoni kwenye mwanga, akakiangalia ukingoni. Akaniita nisogee, akaniita mimi, fundi akaja nyuma. Akasema kioo cha kweli ukikishika ukingo kuelekea juani utaona rangi imo ndani ya plastiki yote, kama chai iliyokolea. Akachukua wembe akakwangua kidogo kwa ndani. Paliponyanyuka palikuwa peupe. "Hiki si cha 404, mwanangu. Sidhani kama ni cha gari."

Kisha akanifundisha mengine ambayo ningeyajua mapema nisingepigwa. Alianza kuuza spea za Pijo wakati bado zinafika kwenye maboksi ya Ufaransa, na kwenye boksi kioo hiki kinaandikwa cabochon. Saluni ni berline, stesheni wagoni ni break. D ni droite, yaani kulia, na G ni gauche, kushoto. Ile "D ya dereva" inaangukia sawa kwa sababu tu huku kwetu dereva anakaa kulia. Kwa hiyo kioo cha kushoto kisicho na G kilipaswa kunishtua palepale. Akaniambia pia kile changu cha zamani kilichopasuka nisikisafishe kwa thina wala petroli, plastiki ile inaota nyufa nyembamba kama utando. Sabuni na maji, kikikwaruzika msasa laini wa maji, kisha polishi.

Nilimsikiliza kama mwanafunzi. Mwisho akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti akanipa elfu hamsini, pesa yake, akasema zilizobaki atazifuatilia. Hakuniomba msamaha kwa maneno, ila alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Hasira ikaniishia kabisa. Nilikuwa natoka pale nimeshaamua kwamba nikiandika nitaandika vizuri, kwamba duka lenye mzee kama huyu lisihukumiwe kwa kijana mmoja.

Hatua tatu nje ya mlango nikasikia nyuma yangu, na safari hii yule kijana aliniambia mimi mwenyewe: "Mama, siku ukienda kulipima kilo uniite!"

Sasa mnataka niseme nini kuhusu duka hilo? Nilipoanza kuandika nilitaka kusema msikanyage, basi. Nilipofika kwa mzee nikaona nitakuwa namdhulumu, maana kioo cha kulia cha 404 saluni nimekipata kwake na si kwingine kokote katika jiji hili, na elimu aliyonipa pale mlangoni ina thamani kuliko kioo chenyewe. Mwenye Pijo ya zamani anamhitaji mzee yule. Kwa hiyo nendeni, piteni kaunta bila kusimama, mwulizieni mzee wa stoo.

Lakini hapana. Nikisema hivyo nitakuwa namsafishia njia yule wa kaunta, aendelee kuwapulizia watu rangi. Elfu arobaini yangu haijarudi mpaka leo. Nimepiga simu mara nne, mzee anasema "kesho mwanangu" kwa upole uleule, na nimeanza kujiuliza kama upole nao ni sehemu ya biashara. Nikiwaza hivyo najiona mkosefu, maana mikono ile miwili haikuwa ya uongo. Siamini ilikuwa ya uongo. Basi ya mzee nayaacha palepale, ila kwa yule kijana siendi tena, na wewe usiende peke yako, hasa ukiwa mwanamke. Dai kioo ukishike wewe, kipeleke juani, tafuta herufi, kwangua ukingo kabla pesa haijatoka. Akikataa usikwangue, jibu umeshalipata.

Kwa sasa nimeziba kushoto kwa kile kile cha zamani cha kulia, kilichopasuka, nimekigeuza na kukifunga na gundi. Kinakaa upande, hakipendezi, lakini ni chekundu kweli na breki inaonekana. Usiku natafuta kwa maneno ya mzee, cabochon, berline, gauche, na kwa mara ya kwanza vinatokea, mtu mmoja Ufaransa anacho. Nauli ya kukileta inazidi bei ya kioo, bado ushuru. Nikikosa hapa nitalipa.

Kama kuna mtu hapa Dar, Tanga, Moshi, popote, ana kioo cha kushoto cha saluni, chenye G, niambie, nitakuja mwenyewe na pesa taslimu. Kikiwa kimepasuka kidogo sina neno. Ila nitakuja mchana, jua likiwa kali, na wembe nitakuwa nao.