Katogo nyota tano, bango nyota moja: hoteli ya madereva pale Malaba

Nianze na katogo, ndizi zilizopikwa pamoja na utumbo, maana ndiyo iliyonipeleka pale na ndiyo itakayonirudisha.

Ndizi wanamenya alfajiri ile ile. Hawakupi zile zilizolala kwenye beseni tangu jana zikaanza weusi. Utumbo wanauosha mpaka harufu inaisha, wanauchemsha peke yake kwanza, halafu ndipo unakutana na ndizi, nyanya na kitunguu. Sahani ikifika mezani matoke yameshika mchuzi lakini hayajavurugika. Ukigusa na kijiko yanaachia yenyewe. Pembeni kipande cha parachichi na pilipili mbuzi moja nzima, uiponde mwenyewe kadiri ya ujasiri wako. Shilingi elfu sita za Uganda. Nimeendesha lori njia hii ya Mombasa mpaka Kampala, na kwenda mbele hadi Kigali, mwaka wa kumi na tisa sasa, na katogo inayoishinda hii nimeila sehemu moja tu, kwa mama yangu.

Jina la hoteli siliandiki. Iko upande wa Uganda wa mpaka na Kenya, ukishamalizana na forodha. Madereva mtaijua kwa chapati.

Sasa bango. Ijumaa tarehe 16 Januari 2026, siku moja baada ya uchaguzi mkuu wa Uganda, niliingia saa mbili asubuhi nikiwa nimelala kwenye kebini usiku wa tatu. Juu ya meza ya pesa walikuwa wamebandika kipande cha boksi kimeandikwa kwa maka nyeusi: ONYESHA WINO CHAI BURE. HUJAPIGA KURA? LIPA NA UNYAMAZE.

Kijana wa kuhudumia hakuniuliza nakula nini. Aliniuliza kidole. Nikamwonyesha, kina grisi tu. Akageuka jikoni akapaza sauti, "Huyu hana!" Watu wakacheka. Chai yangu ikaja kwenye kikombe chekundu cha plastiki. Wenye wino walikuwa wanaletewa kwenye glasi.

Nilikaa nikahesabu. Vikombe vyekundu kumi na kimoja, glasi nne. Kati ya vyekundu, vitano vilikuwa vya Wakenya, na hao walikuwa wanalipishwa na kutaniwa kama sisi. Mmoja wao, mzee wa Changamwe, alinyanyua kidole chake kitupu akasema, "Kijana, changu kiwekee hiyo glasi, nakuja nacho Agosti 2027." Hapo hata mimi nilicheka. Lakini utani wa mgeni ni mwepesi. Wa mwenyeji unabaki kooni.

Mimi nimeandikishwa kijijini kwa baba, Kasese. Kutoka Malaba ni kama kilomita 600, nchi nzima unaivuka kwa upana. Karatasi za mzigo wangu zilichelewa tangu Jumanne, na jioni hiyo hiyo intaneti ikazimwa nchi nzima, kwa hiyo hata kumwandikia bosi kwa WhatsApp haikuwezekana. Nilihesabu nauli ya basi kwenda na kurudi, ikagonga laki moja na nusu. Pesa ningeitafuta. Ila kontena la watu ningemwachia nani? Utingo wangu ana miaka ishirini na mbili, mwaminifu, lakini mali ikipotea hatatajwa yeye. Litatajwa jina langu.

Najua kuna atakayesema, ungehamisha kituo. Kweli, mwanzoni mwa 2025 daftari lilifunguliwa, mtu akaweza kuhama. Sasa niambieni, dereva ahamie wapi? Jumatatu niko Malaba, Jumatano Mbarara, Ijumaa sijui. Hatuna kura ya posta, hatuna siku ya kupiga mapema. Kura yetu inakusubiri mahali pamoja, siku moja, saa moja asubuhi mpaka saa kumi jioni. Ambaye kazi yake ni kutokuwa mahali pamoja, kazi yenyewe imeshamnyang'anya.

Mezani kwangu alikaa kijana wa boda, naye kikombe chekundu. Yeye kituo chake kiko karibu, hana kisingizio, ndivyo alivyojisema mwenyewe. Alifika mapema, mashine ya kusoma alama za vidole ikagoma, foleni ikasimama. Saa nne akaangalia simu, akaangalia pikipiki. Pikipiki ni ya mkopo, na mwenye mkopo Jumapili hataki kusikia habari za foleni. Akaondoka, akitegemea kurudi mchana. Mchana akapata abiria wa Tororo. Basi.

"Ningejua kuna chai ya bure," akasema, "ningevumilia."

Aliyenifungua macho ni wakala mmoja wa forodha, mwenye glasi, mtu wa makamo anayependa kusoma sheria kama wengine tunavyopenda mpira. Alisoma lile bango, akamwita kijana wa kuhudumia. Akamwambia, mwanangu, fungua Katiba yetu ya 1995, Ibara ya 59. Kupiga kura wameiita haki. Kujiandikisha ndiyo wameiita wajibu. Nenda na Ibara ya 17, orodha ya wajibu wa raia: kulipa kodi imo, kujiandikisha imo. Kupiga kura huikuti. Na Ibara hiyo ya 59 inaendelea, inaitaka serikali ichukue kila hatua kuhakikisha raia anajiandikisha na anaitumia haki yake. "Kwa hiyo," akasema, "kama ni kuona aibu, anza na huko, si kwa dereva."

Kijana akacheka akaenda kuchukua sahani. Ila mimi nimeyabeba maneno yale mpaka Katuna, mpakani na Rwanda. Mimi nimejiandikisha, kitambulisho kipo. Kodi nalipa kila bosi anapojaza tanki, maana kila lita ya dizeli ina kodi ndani yake. Hiyo "unyamaze" inatoka wapi? Barabara yenye mashimo inavunja springi ya aliyepiga na ya asiyepiga.

Ziko nchi zilizoamua kura iwe lazima. Australia ni tangu 1924, usipokwenda unapigwa faini. Sina ugomvi nao. Lakini wao wanapiga Jumamosi, na aliye safarini ana njia ya kutuma kura yake au kupiga kabla ya siku. Wamekudai kitu, wakakuwekea na mlango wa kukitoa. Sisi tunadaiwa tu, tena na hoteli.

Na sisi tusio na wino si wachache. Walioandikishwa mara hii ni milioni 21 na zaidi, na Tume ilipotangaza matokeo, waliojitokeza walikuwa asilimia 52 na kidogo. Mwaka 1996 walikuwa zaidi ya 70. Maana yake mwaka 2026 kama watu milioni 10 walibaki. Watu milioni 10 hawawezi wote kuwa wavivu. Wamo waliochoka, wamo walioogopa askari barabarani, wamo wagonjwa na wanaowauguza. Wamo kama utingo wangu, ambaye alikuwa na nafasi kabisa, kwao ni hapa hapa Tororo, na alikataa. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Mzee, nimewasikiliza wote, hakuna aliyenishawishi." Nilitaka kumgombeza. Nikakumbuka kwamba huyu kijana hanunui hata shati bila kuzunguka soko mara tatu. Kama hakuna aliyemshawishi, kazi ya kushawishi ilikuwa ya nani?

Nakiri hapa: 2021 nilipiga, na nikamsema mdogo wangu mbele ya wanawe kwa sababu hakwenda. Nilimwita mzigo. Baadaye sana shemeji ndiye aliyeniambia kwamba siku ile alikuwa amezuiwa hospitali na bili ya mtoto. Hakunijibu pale, alinyamaza tu. Na 2026 hakwenda vilevile, nami sikuuliza, nilimtumia ya soda.

Turudi hotelini. Nilipokwenda kulipa nilipita jikoni, kwa sababu napenda kuangalia chapati zinavyosukumwa. Dada wa chapati anaanza saa kumi alfajiri. Anakata donge, analisukuma, analipaka mafuta, analikunja kama konokono, analilaza chini ya kitambaa lipumzike, ndiyo maana zinachambuka. Mikono yake nyeupe ya unga mpaka kwenye viwiko. Alipoiosha kwenye ndoo ili anirudishie chenji, niliangalia vidole vyake kimoja kimoja. Havikuwa na wino.

Akaona ninaangalia. "Jana tulifungua saa kumi na moja," akasema, kwa sauti ya chini. "Mabasi yalikuwa mengi, ya watu wanaokwenda kupiga kura."

Nilimtafuta mwenye hoteli. Mtu mcheshi, hana ubaya. "Dereva, ni utani, ni biashara," akaniambia. Nikamwuliza wafanyakazi wake wangapi wamekunywa chai ya bure. Alifungua mdomo, akaufunga, akauliza kama nataka chapati za njiani. Nilinunua nne. Elfu nne, na zilikuwa bado laini nilipofika Jinja.

Mengine kwa ufupi. Maegesho yapo nyuma, malori matano yanaingia, la sita unapanga na mlinzi na elfu mbili. Choo kisafi asubuhi. Baada ya saa saba mchana sitaki kusema. Kuchaji simu bure, ila tundu ni mbili, na moja imekufa. Posho, yaani ugali, na maharage ya mchana ni ya kawaida tu, maharage hayana chumvi. Samaki msiagize, Malaba si ziwani. Huduma ni ya haraka, kijana yule mdomo mrefu lakini miguu pia mirefu.

Nyota: chakula tano. Bei nne. Bango moja, na hiyo moja ni kwa sababu mwandiko ulikuwa mzuri.

Nilipita tena wiki ya kwanza ya Februari. Boksi limetolewa ukutani, gundi imebaki. Chai ni elfu moja na mia tano kwa kila mtu. Mimi nilipewa kwenye kikombe chekundu, kwa kuwa glasi nyingi zimevunjika, na tangawizi wameiongeza.