Draivu shafti used za Japani kwenye IST, nimefunga mwenyewe nyumbani

Gari ni Toyota IST ya 2004, injini 1NZ, niko nayo mwaka wa sita sasa. Kila nikikata kona kuingia getini usukani ukiwa umeisha inalia ka-ka-ka-ka, na ukichungulia nyuma ya tairi unakuta grisi nyeusi imerukia rimu mpaka kwenye springi, maana buti (mfuko wa raba) ya sivi joint, kile kiungo cha shafti kinachopinda tairi likikata kona, ilishachanika zamani na hizi barabara zetu za vumbi huku Goba mchanga wote unaingia humo humo. Ikifika hapo hata ukiweka buti mpya na grisi mpya haiponi, chuma kimeshaliwa.

Mwaka juzi gereji walinishauri ninunue sivi joint mpya peke yake, ile ya kwenye boksi, 55,000, nikafunga, haikumaliza miezi nane ikaanza kulia upya. Ndio maana safari hii nikasema bora shafti nzima used (ile fimbo inayotoa nguvu gia boksi kupeleka kwenye tairi, na sivi zake mbili, ya ndani na ya nje), nikashuka Gerezani Kariakoo kwenye duka moja la spea za kukatwa, nikachukua mbili, ya kushoto na ya kulia, 90,000 kila moja baada ya kuongea sana.

Used inataka ukague na usione aibu, muuzaji mwenyewe amezoea. Ishike mkononi, ikunje sivi ya nje mpaka mwisho huku unaizungusha taratibu, ukisikia inakwama au inacheza cheza rudisha. Fungua fungua mikunjo ya buti kwa vidole uangalie nyufa maana raba iliyokaa muda mrefu inakauka ikiwa juu ya shelfu. Hesabu meno ya pande zote mbili ulinganishe na ya kwako (mimi nilishahesabu na kupiga picha). Halafu kitu ambacho wengi wanakisahau, ile pete ya ABS (mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki) yenye meno madogo madogo. Shafti ya kwanza waliyonipa ya kulia haikuwa nayo, ningeifunga taa ya ABS ingeniwakia kwenye dashbodi na kazi yote ningeirudia. Niliwaonyesha wakanibadilishia hapo hapo bila maneno, hilo nawapongeza kwa dhati. Na ya kulia ni ndefu kuliko ya kushoto kwa sababu gia boksi imekaa kushoto, usikubali kuambiwa zinaingiliana.

Kazi yenyewe upande wa kwanza ulinichukua masaa manne, wa pili saa moja na nusu. Shughuli yote ipo kwenye nati ya katikati, boksi namba 30, ilegeze gari likiwa bado chini kwenye matairi, mke wangu alikaa ndani akakanyaga breki kwa nguvu zote maana hendibreki inashika nyuma tu, mimi nikachomeka bomba la chuma kama mita moja kwenye mpini ndio ikakubali. Kabla ya hapo hakikisha umeikunjua ile sehemu ya nati iliyogongwa ikaingia kwenye mfereji wa shafti, usipofanya hivyo unaharibu nyuzi. Baada ya jeki weka stendi, tafadhali sana, usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Tairodi (fimbo ya usukani) na boljointi ya chini zikishatoka habu, kile kitovu tairi linapofungwa, inasogea, shafti inatoka upande wa nje, kule ndani kwenye gia boksi nilichokonoa na mtaimbo mdogo ikachomoka. Usiivute kwa kushika shafti katikati, sivi ya ndani inaachana utapata kazi nyingine. Tega na beseni, oili ya gia boksi inamwagika kidogo, yangu dipstiki imeandikwa T-IV nikarudishia hiyo hiyo.

Oil sili, zile raba zinazozuia oili isivuje pale shafti inapoingia gia boksi, nilibadilisha zote mbili, 8,000 kila moja, hapo usibane hela. Shafti ukiiingiza unasukuma kwa kishindo kimoja mpaka usikie tak, kale kapete ka mwisho wa shafti kamekaa, vuta kidogo ujiridhishe haitoki. Nati mpya nilikaza Nm 216 kwa tokiwenchi (spana inayopima mkazo) ya kuazima, nikaigonga iingie mferejini. Ukimaliza kufunga, gari lisishushwe chini hiyo nati ikiwa haijakazwa, unaua beringi.

Mwezi wa tatu sasa, kama kilomita 4,000, nimeshaenda nalo Morogoro na kurudi. Kona zote kimya, na ule mtikisiko niliokuwa nausikia nikikanyaga mafuta kupanda mlima umekwisha kabisa, kumbe ilikuwa sivi ya ndani.

Hao wa duka nawapa nyota nne na nusu kati ya tano. Nusu nimeikata kwenye udhamini, wiki moja tu, na risiti walikuwa wameandika "spea" basi, mpaka niliposimama pale nikawaambia waandike shafti ya gari gani na upande gani ndio wakaandika.