Uzoefu wangu: semina za hisabati tumizi, muhula mzima kila Jumatano

Jamani nimemaliza muhula mzima nahudhuria semina za hisabati tumizi na ukokotoaji wa kompyuta pale chuo (chuo sikitaji, bado nahitaji saini ya sapavaiza), sa wale mnaoniuliza kama kuna faida au ni kupoteza jioni, ngoja niseme.

Kero kwanza. Ratiba inasema saa kumi kamili, ila watu wanaanza kuingia kumi na robo, projekta inagoma, anatafutwa kijana wa IT, mpaka slaidi ya kwanza ionekane ni kumi na moja kasorobo. Afu kuna wasemaji, Mungu awasamehe, wanakuja na slaidi 60 za uthibitisho mtupu, mchoro hata mmoja hakuna, unatoka pale daftari lina tarehe tu. Na muda wa maswali maprofesa wawili wanabishana wao kwa wao, sisi wa masters tunaangalia saa.

Mi nlienda kwasababu nlikwama. Utafiti wangu ni modeli ya mafuriko bonde la Msimbazi, Dar, pale Jangwani mnapajua mvua ikikaza barabara inafungwa. Programu yangu ya Python ilikuwa inaenda fresh tu kwa gridi ya mita 50 (yaani ramani nimeikata visanduku vya mita 50 kwa 50), nikasema ngoja niiboreshe, niweke mita 10 nipate picha safi, weee, kina cha maji kikapanda mpaka kikapita Kilimanjaro, afu NaN kila mahali (kompyuta inakwambia hii siyo namba). Wiki tatu nasaka kosa kwenye kodi (ya kompyuta, ingawa na ya nyumba nlikuwa nadaiwa).

Wiki ya tano akaja dokta mmoja mama, projekta hakuigusa, kachukua chaki kaandika milinganyo ya maji ya kina kifupi. Akasema wimbi linasafiri kwa kasi ya maji yenyewe jumlisha kipeuo cha g (mvutano wa dunia, 9.8) mara kina, sasa kama ndani ya hatua moja ya muda wimbi linavuka zaidi ya kisanduku kimoja cha gridi, programu inakuwa haina habari ya huko wimbi lilikotoka, na namba zinalipuka. Sharti hili wanahisabati Courant, Friedrichs na Lewy waliliandika 1928, kompyuta hizi hazijazaliwa!

Nikapiga hesabu hapohapo. Kina mita 3, kipeuo cha 9.8 mara 3 ni kama 5.4, jumlisha maji yanayokimbia mita 2 kwa sekunde, 7.4. Gridi ya mita 50 inaruhusu hatua ya sekunde 6.7, mi natumia 5, salama. Gridi ya mita 10 inaruhusu 1.35 tu, na mi 5 yangu nimeiacha vilevile. Wiki tatu jamani.

Nikamfuata kwenye foleni ya chai, shikamoo dokta, marahaba mwanangu, nikamwonyesha daftari. Akacheka. Akaniambia nisiandike hatua ya muda kwa mkono, programu iipange yenyewe kila raundi kwa kufuata wimbi lenye kasi kuliko yote, na kwa vile maji yangu yanaenda pande mbili nisikaribie kikomo, nichukue kama nusu yake. Afu akauliza laptopu yako ina nguvu gani, maana visanduku vimeongezeka mara 25, hatua nazo mara 5, hiyo kazi ni mara 125. Hapo chai ikanishuka vibaya.

Nyingine nzuri ilikuwa ya makosa ya kompyuta kukata desimali za namba, kwamba kompyuta ukiiambia 0.1 jumlisha 0.2 haikupi 0.3 kamili. Msemaji akaleta mfano wa Patriot, mtambo wa Wamarekani wa kuzuia makombora, kule Dhahran, Saudia, 1991, kosa dogo kama hilo lilijirundika mpaka saa yake ikaachana na ukweli kwa theluthi moja tu ya sekunde, kombora likapita, askari 28 wakafa. Ukumbi ulinyamaza.

Kwahiyo mi natoa nyota tatu na nusu, na hizo tatu zote ni za foleni ya chai. Ukienda usiende mikono mitupu, nenda na tatizo lako limeandikwa, kaa karibu na mlango ili umuwahi msemaji kabla maprofesa hawajamzunguka. Na beba kikombe, vya pale havitoshi.