MiSTer FPGA: kuiunganisha ni kazi ya jioni moja, kuipanga ni habari nyingine

Kwa wasio na subira, hukumu yangu kuhusu MiSTer, mashine ndogo inayojigeuza kuwa mashine mbalimbali za gemu za zamani, ni hii: sijaona njia nzuri zaidi ya kucheza gemu za zamani bila kumiliki mashine zenyewe, lakini kama hupendi kupanga vitu, usiinunue. Si ngumu kuiunganisha. Bisibisi moja na mikono tulivu vinatosha. Kinachoamua kama utaicheza au itakaa pale inakula vumbi ni jinsi utakavyopanga kilichomo ndani, na wengi wanaoisifu hilo hawalisemi.

Mimi ni fundi wa televisheni na redio, kwa hiyo kilichonivuta kwanza ni saketi, gemu zilifuata. Emuleta za kawaida, ziwe za kompyuta au za Raspberry Pi, ni programu inayosoma amri za prosesa ya zamani na kuzitafsiri kwa prosesa ya leo. MiSTer inafanya kitu tofauti. Katikati yake kuna chipu ya FPGA aina ya Cyclone V, yenye vitengo vya mantiki kama 110,000 ambavyo havijapangiwa kazi yoyote. Ukichagua Super Nintendo kwenye menyu, faili linapakiwa, na kufumba na kufumbua vitengo hivyo vimeunganishwa kuwa prosesa, chipu ya picha na chipu ya sauti, zote zikifanya kazi kwa wakati mmoja kama zilivyofanya kwenye bodi ya zamani. Ukihamia Mega Drive, vyote vinavunjwa na kujengwa upya. Faili lenye mchoro huo wa saketi linaitwa kiini, na kila mashine ina kiini chake.

Kuna watu wanaoizungumzia FPGA kana kwamba ni uganga. Si uganga. Kiini kimeandikwa na binadamu, na pale binadamu alipokosea kuelewa chipu ya zamani, kiini nacho kinakosea. Emuleta nzuri kwenye kompyuta yenye nguvu inaweza kukufikisha karibu kabisa na hapo, na RetroArch, programu ya emuleta, ina mbinu ya kukokotoa fremu mapema ambayo inapunguza kuchelewa kwa vitufe kwa kiwango cha kushangaza. Tofauti ninayoihisi mimi ni uthabiti. Ukibonyeza kuruka, mhusika anaruka, na mara ya mia anaruka vilevile. Hakuna mfumo mkubwa wa uendeshaji unaoamua katikati ya mchezo kwamba una shughuli nyingine.

Mradi huu ulianzishwa na Alexey Melnikov, anayejulikana zaidi kwa jina la Sorgelig, mwaka 2017, akiegemea mradi wa awali ulioitwa MiST. Bodi aliyoichagua ni DE10-Nano ya kampuni ya Terasic, ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya kujifunzia uhandisi, wala haikuwaza gemu. Ndiyo maana ukiinunua peke yake bado hujafika. Ina RAM ya DDR3 ya GB 1, lakini hiyo inatumiwa pia na Linux inayokimbia pembeni, na majibu yake hayaji kwa wakati wa uhakika ambao kaseti ya gemu ya zamani ilikuwa ikiutoa. Kwa hiyo unachomeka kipande cha SDRAM, memori yenye majibu ya wakati wa uhakika, kwenye pini za juu. Chukua cha MB 128 moja kwa moja. Cha MB 32 kinazitosha mashine nyingi za miaka ya themanini na mwanzo wa tisini, ila gemu kubwa za Neo Geo zitakugomea, na utajikuta unanunua mara mbili. Ongeza bodi ya matundu ya USB, kipoza joto chenye feni, na kasha. Siku hizi zipo pia bodi nyingine zinazooana na DE10-Nano, na seti zinazokuja zimeshafungwa tayari; kwa asiyependa bisibisi hilo ni jambo jema.

Tahadhari moja kwa wenye mikono mizito. Bodi ya nyongeza ya analogi, ile ya kutolea picha kwa televisheni za zamani, ina tundu linalofanana kabisa na USB 3.0, lakini si USB. Ni waya zinazokwenda moja kwa moja kwenye pini za FPGA, kwa ajili ya adapta za kuchomekea padi za asili. Usichomeke flashi pale, wala padi ya USB, wala chaja. Aliyeamua umbo la tundu hilo alitaka soketi inayopatikana kirahisi, naelewa, lakini kama fundi nimeona vifaa vingi vikiungua kwa sababu ya soketi mbili zinazofanana. Mimi nimeliziba kwa gundi ya karatasi.

Usakinishaji wenyewe nitaupitia haraka kwa sababu hauna drama. Unaandika faili dogo la usakinishaji liitwalo Mr. Fusion kwenye memori kadi, unaiweka kwenye bodi, unawasha, nayo inajipanua mpaka kujaza kadi nzima kwa mfumo wa exFAT. Unachomeka waya wa mtandao, unaendesha skripti ya update_all, na viini vyote vinashuka. Kibodi ya USB inahitajika mwanzoni; F12 ndiyo inayofungua menyu. Ukishaitambulisha padi, ipe mchanganyiko wa vitufe viwili wa kuita menyu hiyo, kisha kibodi irudi kabatini.

Picha ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na sijutii. Mipangilio yote iko kwenye faili moja la maandishi, MiSTer.ini. Super Nintendo haitoi fremu 60 kamili kwa sekunde, inatoa 60.0988. Televisheni ya kisasa inasubiri 60, na tofauti hiyo ndogo ni lazima iende mahali fulani: ama picha ihifadhiwe kidogo kabla ya kuonyeshwa, na hapo vitufe vinachelewa, ama televisheni ikubali kufuata mwendo wa mashine. Kwenye mpangilio wa vsync_adjust ukiweka 2, MiSTer inailazimisha televisheni kufuata, na kuchelewa kunabaki kidogo mno. Tatizo ni kwamba si kila televisheni inakubali. Nyingine zinatoa kioo cheusi. Jaribu 2, ikigoma weka 1, na 0 iwe kimbilio la mwisho.

Halafu kuna hesabu ya mistari. Gemu nyingi za Super Nintendo zina mistari 224 ya picha. Ukiizidisha mara tano unapata 1120, na kioo cha 1080 hakina nafasi hiyo. Ukizidisha mara nne unapata 896 na mikanda myeusi juu na chini. Ukiivuta ijae tu, baadhi ya mistari inakuwa minene kuliko mingine, na mandhari ikipanda au kushuka jicho linaona mawimbi. Mimi nachagua mara tano na kukubali mistari michache ikatwe juu na chini, kwa sababu televisheni za zamani nazo zilikuwa zikificha kingo. Wengine wataona hiyo ni dhambi.

Lakini aliye na televisheni ya chogo asome hapa kwa makini. Bodi ya analogi inatoa picha ya RGB (nyekundu, kijani na bluu, kila moja kwa waya wake) kwa mwendo wa kilohezi 15, uleule ambao televisheni hizo zilizaliwa nao, na hesabu zote hapo juu zinakufa. Hakuna kukuza picha. Hakuna kusubiri fremu. Ukitumia ile adapta ya padi za asili, hata bunduki ya mwanga inafanya kazi, kwa sababu bunduki hizo zinahitaji mwale unaochora kioo mstari kwa mstari na televisheni bapa hazina mwale huo. Ninayo chogo ya inchi 21 niliyoiokoa isitupwe, na nilipoiunganisha kwa mara ya kwanza nilirekebisha kidogo upana wa picha, nikakaa chini, nikasahau kwamba nilikuwa naijaribu.

Sasa upangaji. MiSTer haina picha za makasha wala muziki wa menyu. Ina orodha ya maandishi, basi. Watu wengi wanaona hilo ni upungufu mkubwa, na kwa mtoto aliyezoea menyu zenye rangi ni kweli. Mimi limenilazimisha kufikiri, kwa sababu orodha ya maandishi haikufichii fujo uliyoitengeneza.

Folda kuu ya gemu inaitwa games, na ndani yake kila kiini kinatafuta folda yenye jina lake hasa. PC Engine, kwa mfano, hutaiona kwa jina hilo. Folda yake ni TGFX16, kwa kufuata jina lililotumika Marekani, na ya diski zake ni TGFX16-CD. PlayStation ni PSX, na BIOS yake, yaani programu ya kuiwashia mashine, inakaa humo kwa jina boot.rom. Gemu na BIOS haziletwi na mradi. Kaseti zangu nimezisoma mwenyewe kwa kifaa cha kusomea kaseti, na nakushauri ufanye hivyo, au uanze na gemu mpya ambazo watu wanaandikia mashine za zamani na kuzigawa bure. Ziko nyingi na baadhi ni nzuri sana.

Gemu za diski zibadilishe kuwa CHD. Diski moja ya PlayStation inaweza kukaribia MB 700 na kuja na rundo la mafaili, wimbo mmojammoja. CHD inazibana bila kupoteza kitu na kuzifanya faili moja. Gemu yenye diski tatu, weka zote kwenye folda moja yenye jina la gemu.

Gemu za mashine za sarafu ndizo zinazowachanganya wageni. Kila gemu ina faili dogo la maandishi la aina ya MRA, linaloeleza ni vipande gani vichukuliwe kutoka kwenye zip gani na vipangwe vipi. Zip zenyewe zinakaa games/mame. Zip ya toleo tofauti na lile MRA inalolitarajia haifunguki, na ujumbe unaotokea unataja kipande kilichokosekana, kwa hiyo usome kabla ya kulaumu mashine. Uzuri ni kwamba MRA imebeba pia mwaka, mtengenezaji na mwelekeo wa kioo, na update_all inaweza kutumia taarifa hizo kukutengenezea folda zilizopangwa. Hiyo ya mwelekeo ndiyo ninayoitumia. Pac-Man, Galaga na Donkey Kong zilichezwa kwenye kioo kilichosimama wima. Kwenye televisheni ya kulala zinakuwa ukanda mwembamba katikati. Nimeziweka zote pamoja, na ninazicheza pale tu ninapokuwa na kioo cha kugeuza.

Kwa mengine, karakana ilishanifundisha: droo ya vipuri ikiwa na kila kitu, hupati kitu. Ukiweka kila toleo la kila gemu, la Japani, la Marekani na la Ulaya, unapata orodha ya maelfu, unaishusha kwa dakika kadhaa, unachoka, unazima. Nimebakiza toleo moja la kila gemu, na ndani ya kila mashine nimeweka folda tatu: ninazozicheza sasa, za watu wawili, na ghala. Mdogo wangu akija hafungui ghala hata siku moja. Kwenye MiSTer.ini kuna pia recents, ambayo inakupa orodha ya ulizocheza karibuni, na bootcore, inayoweza kukuwasha moja kwa moja kwenye mashine ya mwisho uliyoitumia.

Jambo la kukariri kabla ya yote: kwenye viini vingi, gemu ikihifadhi maendeleo yako kwenye kaseti, hayajafika kwenye memori kadi bado. Yanaandikwa unapofungua menyu, kama umeruhusu kuhifadhi kwa otomatiki. Ukihifadhi ndani ya gemu kisha ukachomoa umeme, umepoteza. Fungua menyu kwanza, subiri kidogo, ndipo uzime. Folda ya saves ni ndogo. Inakili kwenye kompyuta mara kwa mara, maana memori kadi hufa bila kuaga.

Kuhusu mipaka, chipu hii imefika mwisho. Mwandishi wa viini Robert Peip aliifanya iwe PlayStation mwaka 2022, baadaye Nintendo 64, kazi ambayo wengi waliamini haitaingia humo, na si kila gemu ya Nintendo 64 inaenda sawasawa. Saturn nayo inapendelea vipande viwili vya SDRAM. Dreamcast na PlayStation 2 usizisubiri. Maelekezo yametawanyika sehemu nyingi, na mengine yamepitwa na wakati.

Kama unapenda mashine moja tu, tuseme Mega Drive, tafuta Mega Drive yenyewe na kaseti ya kupakia gemu. Utakuwa na waya chache na hutahariri faili lolote. Kama una Raspberry Pi na hujawahi kuhisi kitufe kikichelewa, baki nayo, uko salama. Aliye na chogo ndani, padi za asili kwenye boksi, na hamu ya mashine tano au zaidi, huyo anunue, na aanze na SDRAM ya MB 128.