Adagietto ya Mahler chini ya Mengelberg, 1926

Adagietto ni sehemu ya polepole ya Simfoni ya Tano ya mtunzi Gustav Mahler. Rekodi hii ya mwongozaji Willem Mengelberg na okestra ya Concertgebouw ya Amsterdam huchukua takriban dakika 7, ilhali ile ya mwongozaji Bernard Haitink ya mwaka 1988, akiwa na okestra ya Berlin Philharmonic, inakaribia 14. Hata hivyo ya Mengelberg haina pupa: wapiga fidla huteleza kwa kidole juu ya uzi kutoka noti hadi noti, kama mwimbaji avutaye sauti, na mwendo hulegea na kukazwa ndani ya sentensi moja ya muziki, mtindo ambao okestra nyingi ziliuacha baadaye. Mikwaruzo ya santuri inakera, ingawa sikio huizoea. Mengelberg aliandika katika nakala yake ya noti kwamba Adagietto ni barua ya mapenzi ya Mahler kwa Alma, mkewe. Kwa Haitink, nasikia maombolezo.