Ziara ya boti bandari ya zamani ya Kisumu: mwongozaji hodari, nahodha balaa

Nyota tatu, nadhani. Au mbili. Ngoja nieleze kwanza.

Mwongozaji ni mtu wa kusikilizwa. Alieleza reli ilivyofika hapa Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence, na meli zilivyoletwa kutoka Uskoti vipande vipande zikaunganishwa upya ufukweni. Meli ya William Mackinnon ilishushwa majini 1900, reli haijafika, kwa hiyo vipande vyake vingi vilipanda bara mabegani mwa wapagazi. Kilichonifurahisha hasa ni alivyoeleza upakiaji wa MV Uhuru ya 1966, inayobeba mabehewa 22. Hayasukumwi ovyo. Ukijaza njia za upande mmoja kwanza, meli inalala na daraja la reli linaloiunganisha na gati linapinda, ndiyo maana hupakiwa kwa zamu, kushoto na kulia. Kichwa cha treni nacho hakikanyagi daraja, kina uzito mno. Kati yake na mzigo hutiwa mabehewa matupu, kikasukuma kikiwa bado nchi kavu. Ndani, magurudumu hutiwa kabari na mabehewa hukazwa kwa minyororo. Mambo haya huyapati kwenye bango lolote pale mjini.

Hadi hapo ningewapa nne.

Kisha nahodha akaingiza boti katikati ya magugu maji. Huwezi kuiita bahati mbaya. Mkazi yeyote wa Kisumu anajua kwamba upepo wa alasiri hutoka ziwani na kuyasukuma magugu ndani ya Ghuba ya Winam, mkono huu wa Ziwa Victoria, hadi mlangoni pa bandari. Upepo wa asubuhi hutoka nchi kavu na kuyarudisha. Ziara kama hii ni ya asubuhi, basi. Wao wanauza tiketi za saa kumi jioni!

Mashine ya boti hunyonya maji ya kujipoza kupitia matundu madogo yaliyo juu kidogo ya propela. Mizizi ya magugu ina nywele nyingi, inayaziba mara moja. Dalili utaiona kwa macho: ule mchirizi unaotoka nyuma ya mashine unapungua, halafu unakatika. Ukikatika, zima papo hapo. Inua mashine, ng'oa mizizi kwenye propela na matunduni, zibua kitundu cha mchirizi kwa waya mwembamba, ishushe tena majini, washa, na usitie gia mpaka maji yatoke tena. Ukilazimisha, feni ya mpira iliyo ndani ya pampu ya maji inaungua, na baada ya hapo hata maji safi hayatakuokoa.

Yeye akaongeza mafuta. Mchirizi hakuna, mpira unanuka, anaongeza mafuta. Mzee mmoja akamwambia kwa upole, "Mwanangu, zima kwanza, haitoi maji." Jibu: "Mzee, umelipa kukaa, kaa." Kumjibu mzee hivyo, tena mbele ya wajukuu wake! Pole hatukuisikia mpaka mwisho. Kasia ilikuwa moja, kwa boti ya watu kumi na kitu. Panga la kukatia magugu hakuna. Wavuvi ndio waliotuvuta, na pesa yao tukachangishwa abiria.

Na magugu haya ni nusu ya historia wanayotuuzia. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, mizigo ikapungua. Miaka ya 1990 magugu yakaziba ghuba, meli zikashindwa kutia gati. Ukarabati wa bandari wa 2019, uliotajwa kugharimu karibu shilingi bilioni 3, uliirudisha Uhuru kazini kupeleka mafuta Port Bell, Uganda, na baadaye meli mpya, Uhuru II, ikaundwa hapa hapa. Lakini saruji mpya haiui magugu: mbegu zake hulala topeni miaka mingi, na mito inaendelea kuleta mbolea za mashamba. Mwongozaji maskini alitusimulia hayo tukiwa tumekwama ndani yake.

Nyota moja, basi. Kabla ya kulipa, waambie wawashe mashine uone mchirizi, na uhesabu kasia. Mwongozaji peke yake nampa tano, na siku akihamia boti nyingine nitalipa tena, mradi iwe asubuhi.